Hendibreki ya Marehemu

"Liache hilo jiwe, wifi."

Sauti hiyo ndiyo iliyotukatiza wiki jana, msomaji, mkono wa Mshonaji ukiwa juu ya jiwe lililozuia tairi la nyuma, na Fundi Pole akiwa chali chini ya pikapu, miguu tu ikionekana.

Kwa yule aliyekosa gazeti la wiki jana: pikapu hiyo kuukuu ilikuwa ya kaka yake Mshonaji. Aliiegesha kwenye njia inayoteremka kutoka mlangoni mwa nyumba ya mama yao hadi getini. Akashuka kufungua geti. Gari likamfuata, likambana kwenye vyuma, akafa akiwa amesimama.

Watu wakasema alisahau kuvuta hendibreki. Walisema hivyo makaburini, wakasema hivyo sokoni, hata watoto wakajua kwamba mtu yule alikufa kwa kusahau. Mshonaji alikataa. Kaka yake hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa akifunga mlango, anarudi kuujaribu. Kwa hiyo breki iliharibiwa na mtu, na mtu huyo kwake alikuwa Fundi Pole, mwenye gereji ile ya kando ya barabara, aliyeizoea pikapu kama mtoto wake.

Ndiyo maana alimwita nyumbani, eti aitengeneze breki gari lipate kuuzwa. Ndiyo maana alimlaza pale penye mteremko.

Aliyesema ni Wifi, mjane wa marehemu. Alisimama kwenye kona ya nyumba, beseni la nguo mbichi kiunoni, maji yakichuruzika kwenye gauni lake jeusi.

"Jiwe gani?" Fundi Pole aliuliza kutoka chini.

Mshonaji akauondoa mkono juu ya jiwe.

"Nauliza jiwe gani, jamani. Mimi ndiye niliye huku."

"Limekaa vibaya," Mshonaji akasema. "Nilikuwa nalisogeza."

"Dada yangu, jiwe la tairi halisogezwi mtu akiwa uvunguni. Hata kama limekukalia vibaya, lisamehe."

Miguu ikaanza kutoka. Kikafuata kitambi, kisha uso wenye grisi hadi masikioni. Fundi akalitazama jiwe, akamtazama Mshonaji, akaviona vidole vyake vilivyojaa mchanga. Akaelewa. Hakukimbia.

"Ulitaka kuniua," akasema, taratibu kama mtu anayesema tairi halina upepo.

"Wewe ulimuua kaka yangu."

"Breki ile sikuigusa."

"Ulikuja msibani ukasema pole, ukakaa kwenye kiti, ukaondoka. Pole tu."

"Ulitaka niseme nini? Nikiona injini imekufa nasema pole. Nikiona mtu amekufa nina neno gani jingine?"

Kibarazani, Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo wa mchele. Sikio moja lilikuwa limeshamwacha zamani, na lile la pili lilifanya kazi likipenda.

"Mnagombana nini huko?"

"Hatugombani, Mama," Mshonaji akajibu kwa sauti kubwa. "Tunaongelea gari."

Mama akarudi kwenye mchele wake. Tangu siku ya maziko alikuwa na neno moja tu, na kila mtu katika ukoo alilijua. Kama mwanangu alisahau, alisema, basi ni Mungu. Lakini kama kuna mkono wa mtu, mkono huo hautakula tena kwenye sahani zangu, wala mwenye mkono huo hatalala chini ya paa langu, awe nani.

Mshonaji aliutaka mkono huo. Hakutaka kingine duniani.

"Sikiliza," Fundi Pole akasema. "Tulisukume gari mpaka pale penye tambarare, karibu na tangi la maji. Kwenye mteremko siweki jeki, na leo nina sababu ya ziada. Nitafungua mbele ya macho yako. Ukiukuta mkono wangu mle ndani, jiwe lako unalijua lilipo."

Wakalisukuma. Fundi akawa usukani na wanawake wawili nyuma.

Kwanza alimwonyesha hendibreki yenyewe. Akavuta. Ikapanda, ikapanda, kra-kra-kra, mpaka ikasimama wima kama mkono wa mwanafunzi anayeomba kutoka.

"Ikipanda hivi, huku nyuma hakuna kinachoshika," akasema. "Wengine wanakimbilia kukaza waya. Unakaza leo, kesho imelegea. Ugonjwa uko ndani ya gurudumu."

Akalegeza nati, akapandisha jeki, akaweka gogo chini ya ekseli, akatoa tairi la kushoto. Akaigonga dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, kwa nyundo, huku na huku, kama anayebisha hodi kwa mtu mgonjwa. Ikaachia. Vumbi jeusi likamwagika.

"Na la kulia?" Mshonaji akauliza. "Fungua na la kulia. Nataka kuona yote."

"La kulia lisubiri."

"Unaficha nini?"

"Sifichi kitu. Humu ndani kuna springi, kuna vijiti, kuna vitu vidogo kama vya saa. Nikifungua pande zote mbili kwa mara moja, nikasahau kitu kilikaa vipi, nitamuuliza nani? Unafungua upande mmoja, mwingine unakaa kama shahidi."

Maneno hayo yalimchoma Mshonaji mahali asipopatarajia. Yeye mwenyewe, akiletewa koti la kurekebishwa, hufumua mkono mmoja tu. Ule mwingine huuacha umfundishe. Hajawahi kufumua yote miwili tangu alipokaa nyuma ya cherehani.

Kwa mara ya kwanza, chuki yake ilipepesuka. Akaishika isianguke.

"Endelea," akasema.

Fundi akaendelea. Kisha akaacha. Akaingiza kidole mle ndani, akakizungusha kijigurudumu kidogo chenye meno, akakitazama. Akakizungusha tena.

"Huyu si wa huku," akanong'ona.

"Nani si wa huku?"

"Hiki. Tunakiita ajasta. Kazi yake ni kuzisukuma breki shuu, hizi pedi zinazobana, zikaribie dramu kadiri zinavyolika. Kila mara dereva akivuta hendibreki, hiki kinajizungusha jino moja, kinarefuka, breki inajikaza yenyewe. Tazama sasa nikikizungusha kinavyozungushwa na gari."

Mshonaji akainama. Kijichuma hakikurefuka. Kilifupika.

Fundi Pole akalifunga tairi la kushoto bila kubadili kitu, akahamia kulia, akafungua. Akatia kidole. Akaketi chini kabisa.

"Vimehamishwa nyumba," akasema. "Cha kulia kiko kushoto, cha kushoto kiko kulia. Vinafanana kama mapacha, ila kimoja hujizungusha huku na kingine kule. Ukivibadilisha, kila unapovuta hendibreki badala ya kuikaza, unailegeza." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Marehemu alivuta, dada. Alivuta kila siku, na kila alipovuta aliimaliza."

Nyuma yao kitu kilianguka. Wifi alikuwa ameliachia beseni. Nguo zilitapakaa mchangani, naye akaketi juu ya tofali, mikono yake miwili imefunguka mapajani, akiitazama.

Mshonaji hakugeuka. Alikuwa na neno moja kinywani, analitafuna kama mwenye njaa.

"Hakusahau."

"Hakusahau," Fundi akakubali.

"Makaburini walisema alisahau. Mchungaji... hata mchimba kaburi alisema." Akamwinamia fundi. "Nani?"

"Aliyefungua pande zote mbili kwa mara moja. Huyo si fundi. Ni mtu aliyeona kazi ikifanywa akadhani ameshaiweza."

"Ilifunguliwa hapa," Wifi akasema kutoka kwenye tofali. "Hapa hapa uani. Gari lilikuwa likipiga kelele nyuma. Shemeji akasema lisipelekwe gereji, breki ataisafisha yeye."

"Shemeji yupi?"

Wifi akainua macho.

"Mumeo."

Msomaji, mtu huyo mtaa mzima ulimwita Bwana Najua. Hukuweza kumaliza kumwambia shida yako kabla hajasema "najua". Alitengeneza pasi ya jirani, pasi ikachoma meza. Alitengeneza redio ya nyumbani, tangu hapo inazungumza ukiipiga kofi. Watu walimcheka, naye alicheka nao, maana alijua wanacheka kwa nini.

Na makaburini, kabla udongo haujarudishwa, aliyekuwa wa kwanza kusema "masikini, alisahau hendibreki" alikuwa ni yeye. Mshonaji alikumbuka vizuri. Mkono wa mumewe ulikuwa umemshika bega wakati anasema.

Bega hilo sasa lilimwasha.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza Wifi.

"Alisema amesafisha tu. Ninyi wote mkasema alisahau. Mimi ni mwanamke wa kuolewa katika nyumba hii, wifi. Ningeanzia wapi?"

Mshonaji alisimama akakung'uta magoti. Aliyemtazama angedhani amepoa. Kumbe kisasi ni kama pindo zuri, hushonwa kwa ndani.

"Fundi. Itengeneze."

"Leo?"

"Sasa hivi. Itengeneze ishike mpaka ishangae yenyewe. Halafu tukae kimya. Hakuna aliyeitengeneza. Umenielewa?"

Fundi Pole alimtazama sana. Kisha akachukua bisibisi.

Alivirudisha vile vijichuma, kila kimoja kwao. Akakizungusha kila kimoja mpaka dramu ikaanza kukwaruza kidogo inapozungushwa kwa mkono, akakirudisha nyuma kiduchu, ikazunguka bila kulalamika. Waya aliukaza mwisho kabisa. "Watu huanza na waya," alisema, "ndiyo maana hawamalizi." Alipovuta hendibreki safari hii haikupanda. Ilisema kra-kra, ikagoma katikati.

Mshonaji akampigia mumewe simu.

"Baba watoto, njoo kwa Mama. Fundi Pole ameshindwa na gari."

"Nilijua," Bwana Najua akasema.

Alikuja ameshika spana yake mwenyewe, shati limechomekewa. Akampungia Mama mkono kibarazani, akamtazama Fundi Pole kwa huruma.

"Imekushinda, mzee?"

"Imenishinda, bosi."

"Si kosa lako. Gari hili lina mambo yake. Mimi nalijua."

"Ndiyo maana tumekuita," Mshonaji akasema. "Kuna mtu anataka kulinunua, lakini anaogopa maneno ya watu. Hatujagusa kitu. Wewe lipeleke pale lilipokuwa siku ile, uvute hendibreki, ushuke. Likisimama, basi kaka alisahau, na mambo yamekwisha. Hata Mama ataridhika."

Bwana Najua aliangalia mteremko. Akaliangalia geti. Akacheka kidogo, kicheko cha kutafuta mahali pa kukaa.

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Wewe si unajua?"

Akapanda. Gari likanguruma, likashuka taratibu, likasimama pale pale. Mshonaji hakubaki kando. Alitembea mbele yake hadi getini, akageuka, akaegemeza mgongo kwenye vyuma vilivyopinda.

"Unafanya nini hapo?" Bwana Najua akaita kutoka dirishani.

"Nasimama aliposimama kaka. Vuta hendibreki."

Akavuta. Hakuhesabu milio. Masikio yake yalisikia mapigo ya moyo wake tu.

"Zima. Toa gia."

"Gia niiache, kwa usalama."

"Marehemu alitoa. Toa."

Akatoa.

"Sasa toa mguu kwenye breki, ushuke."

Mguu haukutoka. Kupitia kioo Mshonaji alimwona mumewe ameukumbatia usukani, kama anayetaka kulizuia gari kwa mikono.

"Mke wangu, ondoka hapo kwanza."

"Kwa nini? Si umevuta?"

"Nimevuta."

"Basi shuka."

"Tuweke hata jiwe."

"Yeye hakuwa na jiwe. Toa mguu."

Jasho lilimshuka hadi kidevuni. Alitazama kushoto, akamwona Fundi Pole amesimama mikono nyuma. Alitazama kulia, akamwona Wifi juu ya tofali. Hakuna uso uliomsaidia.

"Haishiki," akasema, sauti ikitoka kama ya mtoto.

"Nini hakishiki?"

"Hendibreki. Haishiki. Ondoka hapo, nakuomba, mama watoto. Mguu unachoka."

"Umejuaje? Gari hili hujaliendesha tangu kaka afe. Nani kakwambia haishiki?"

Bwana Najua akaangua kilio.

"Yeye. Aliniambia yeye mwenyewe, asubuhi ile. Alisema, shemeji, tangu uifungue hii kitu inazidi kulegea. Nikamwambia najua. Nikamwambia vuta tu mara kwa mara, itajikaza yenyewe."

Upepo ulipita kwenye vyuma vya geti. Mshonaji alilisikiliza neno hilo mpaka mwisho wake. Vuta tu mara kwa mara. Alimwona kaka yake, mtu mtiifu, akivuta.

"Toa mguu," akasema.

"Utakufa."

"Toa."

"Nimeshakiri, unataka nini tena?"

"Nataka uijue ile hofu. Toa mguu."

Bwana Najua alifumba macho. Mdomo wake ulikuwa ukisema jina la Mungu. Mguu ukainuka kidogo, ukarudi, ukainuka tena, na mwisho ukaachia, si kwa kutaka bali kwa kuchoka.

Gari lilinesa juu ya springi zake. Likatulia.

Halikusogea hata unywele. Lilisimama pale kwenye mteremko kama lilivyopaswa kusimama siku ile, na kaka mtu angefungua geti, angerudi, angepanda, angeondoka zake.

Bwana Najua akafumbua macho. Akamwona mkewe mzima. Akamwona Fundi Pole.

"Pole, bosi," Fundi akasema.

Akashuka. Aibu ilimjaa kwanza, na nyuma ya aibu ikaja hasira, kama ijavyo kwa watu wa aina yake.

"Sawa. Mmenicheza. Nilifungua, nakubali. Niliambiwa nikajifanya najua, nakubali." Akaishusha sauti, maana Mama alikuwa ameshaweka ungo chini na alikuwa akiteremka pole pole kwa fimbo yake. "Lakini vile vijichuma vya ndani sikuvichanganya mimi. Nilikiweka cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, juu ya gazeti. Nikaingia ndani kunywa maji. Nilipotoka gazeti lilikuwa tupu. Vyote vilikuwa ndani ya beseni moja, vimesuguliwa vinang'aa kama vijiko vya wageni, nikavirudisha kwa kukisia. Muulize wifi yako."

Mshonaji akageuka.

Wifi hakukana. Bado alikuwa akiitazama mikono yake.

"Vilikuwa vichafu, wifi," akasema. "Mume wangu alikuwa akipenda gari lake liwe safi. Nikasema nimsaidie shemeji. Nikaviosha kwa sabuni." Akavigeuza viganja vyake. "Sikujua kwamba kuna kushoto na kulia. Nimejua leo, fundi alipokuwa anakueleza."

Chuki ya Mshonaji ilisimama uani bila mahali pa kwenda. Ilikuwa imemlea miezi yote hii, imemwamsha, imemlisha. Sasa iligeuka huku na huku, ikakuta mwanamke mwenye gauni jeusi lililolowa, aliyemwoshea mumewe hata vyuma vya gari lake.

Fimbo ya Mama ikagonga sakafu ya njia. Alikuwa amefika. Akaligusa bodi la pikapu kwa kiganja, akalisukuma kidogo kuona kama litakwenda. Halikwenda.

"Kwa hiyo mwanangu hakusahau," akasema.

"Hakusahau, Mama."

"Nimemsikia huyu akilia juu ya breki. Mengine yamenipita. Lakini nimeona mnatazamana." Akamgeukia Mshonaji. "Wewe tangu utoto hujawahi kunidanganya. Aliifungua huyu mkwe wangu, sawa, hilo nimelisikia. Nani aliiharibu? Mkono wa nani?"

Wifi alisimama. Akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akauweka juu ya boneti bila sauti, tayari kwenda asikokujua.

Mshonaji akauchukua ufunguo ule kabla Mama hajauona. Akaufumba kiganjani mpaka meno yake yakamuuma.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Siku alipoifungua nilipita kukusalimia, nikavikuta vyuma uani, nikaviosha. Mimi ndiye niliyevichanganya."

Fundi Pole aliinamisha kichwa. Wifi alishika mdomo. Kiganja cha Mama kilitoka taratibu kwenye bodi la gari.

Na Bwana Najua, ambaye maisha yake yote hajawahi kunyamaza penye jambo analolijua, akafungua mdomo.